Sheria inakuja na katapila, mbona haikuja na futikamba?

Kila masika ni wimbo ule ule. TMA, watu wa hali ya hewa, wanatoa tahadhari, mvua inapiga siku mbili mfululizo, barabara ya Jangwani inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanakwama, halafu jioni kwenye taarifa ya habari anatokea kiongozi kavaa gambuti anasema wakazi wa mabondeni wahame, wameambiwa siku nyingi, hawasikii. Kwenye komenti ndo usiseme, watu wanacheka, si waliambiwa, si wamejenga wenyewe kwenye njia ya maji. Na mimi nilikuwa kwenye kundi hilo la wachekaji, nakiri kabisa, mpaka siku X nyekundu, ile alama ya kubomolewa, ilipopigwa kwenye ukuta wa baba mdogo.

Baba mdogo alinunua kiwanja 2006 upande wa Mbezi, karibu na mto ila siyo karibu kihivyo. Kipindi kile mto wenyewe ulikuwa kijito tu, kiangazi unauruka na kandambili zako. Alinunua kama wanavyonunua watu wengi Dar, yaani dalali, muuzaji, shahidi huku na shahidi kule, mkaenda ofisi ya serikali ya mtaa, karatasi ya mauziano ikaandikwa, muhuri ukagongwa, asilimia 10 ikabaki pale mezani. Akajenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, boma mwaka kesho kutwa, bati alipostaafu. Nguzo ya umeme ikasimikwa hatua kumi toka mlangoni kwake. Bomba la maji likafika. Miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja wa serikali aliyepita pale akasema mzee hapa hapajengwi.

2017 wakaja vijana wawili na ndoo ya rangi. Hawakuwa na futikamba. Wakauangalia mto, wakaiangalia nyumba, brashi ikapita. Baba mdogo akawauliza kwa upole, "Wanangu, mmepima?" Mmoja akamjibu, "Shikamoo mzee, sisi tumetumwa tu." Basi. Akaanza kuzunguka ofisini, ya kwanza ikamtuma ya pili, ya pili ikamtuma ya tatu, ya tatu ikasema hilo siyo letu, rudi kule ulikoanzia. Sitazitaja, hazina tofauti na ofisi zingine unazozijua.

Toka siku hiyo nimekuwa nasoma hizi sheria za mipango miji na mazingira, mimi siyo wakili ila kusoma najua, na nilichokiona ni kwamba kwenye makaratasi tuko vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni muda ambao sheria inajitokeza. Wakati wa kununua haipo, wakati wa msingi haipo, wakati wa kuezeka haipo, inatokea siku ya kubomoa na hapo inakuja na nguvu zote.

Tuanze na hizo mita 60 ambazo kila mtu anazitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, bwawa. Hiyo wengi wanaijua. Ambayo wengi hawaijui ni kwamba mita 60 hizo hizo zilikuwepo tayari kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, kwenye mambo ya ardhi hatarishi, na pale haikuwa namba tupu, kulikuwa na utaratibu: eneo linatangazwa, notisi inatolewa, wanaokaa pale wanapewa nafasi ya kusema lao, ndipo uamuzi unafuata. Maana yake aliyeandika sheria ya 1999 alijua kwenye hilo eneo kuna watu. Miaka mitano baadaye ikaja ya 2004 na katazo limenyooka, na mtaani lililobaki kichwani mwa watendaji ni hilo la pili, mita 60 toka. Kusikilizwa kumeishia kwenye kitabu.

Halafu namba yenyewe. Mita 60 za Rufiji na mita 60 za mtaro wa Kimara zinalinganaje? Aprili 2024 Rufiji ilipofurika maji yalienda mbali kuliko mita 60 mara nyingi tu, watu wa Rufiji na Kibiti wanajua, huku kuna vijito vya Kimara vimejichimbia korongoni ambako mtu wa juu ukingoni hata akilala nje maji hayamfikii (ila udongo ukimeguka ndo atajua hajui, hiyo nayo hatari nyingine kabisa na mita 60 haikuwekwa kwa ajili yake). Namba moja kwa mito yote ni rahisi kuandika ila mto hausomi sheria.

Na hapa ndo penye utamu, ukingo wenyewe unahama! Nenda Mto Mbezi, nenda Mto Tegeta, nenda hata Mpiji, utakuta fuso zimepanga foleni zinapakia mchanga. Vijana wanachimba usiku na mchana, kingo zinamomonyoka, mvua ikija inamalizia. Kijito cha kuruka na kandambili leo ni korongo ambalo ukitupa jiwe unasikiliza kwanza ndo unasikia limefika. Sasa mtu aliyejenga mita 80 toka mtoni 2006 leo yuko mita 25 na hajasogea hata hatua moja, mto ndo umemfuata. Huyu ni mvamizi? Unapima toka ukingo wa mwaka gani? Na ule mchanga ulienda wapi, si ulienda kujenga nyumba za wengine wenye vibali na hati, na pengine ulijenga hata ofisi aliyotoka yule kijana wa ndoo ya rangi. Sheria ya kuzuia uchimbaji holela wa mchanga ipo, vibali vinatakiwa, bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu ipo, madini wapo, manispaa wapo. Wote wapo. Ukimuuliza mmoja mmoja nani anatakiwa asimame pale mtoni saa nane usiku fuso zinapoingia, hapo ndo unasikia kimya.

Wadau watasema basi watu wasinunue kiholela, waende wakacheki ramani. Sawa. Hebu tuulizane, ramani ipi? Mpango kabambe wa Dar uliokuwa unatumika kwa miaka mingi ni wa 1979, ulikuwa wa miaka 20, yaani mwisho wake 1999, na baada ya hapo mji ukaendelea kukua bila mpango mpya kwa muda mrefu, mpaka yakaanza mambo ya mpango wa 2016 hadi 2036. Katikati hapo ndipo watu walipojenga. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, zaidi ya milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi na hawa wote walilala mahali. Viwanja vilivyopimwa havikutosha na bei yake mwalimu au muuza genge haigusi. Kwa hiyo ukisema wangeenda kununua kilichopimwa ni sawa na kumwambia mwenye njaa angeagiza chipsi kuku.

Sisemi wote ni malaika. Kuna watu wanajua kabisa pale maji yanapita na wananunua kwa sababu ni bei chee, kuna mwenye nyumba yeye anaishi juu kwenye kilima na vyumba vya bondeni kapangisha, mvua ikija anayeogelea ni mpangaji. Kuna na wenyeviti wa mitaa wanaouza hadi hifadhi ya barabara. Hao sheria iwashukie. Ila ukiwaweka wote kwenye jina moja la "wavamizi" umeshaacha kutumia akili, na umempa mwenyekiti aliyegonga muhuri nafasi ya kupumzika, maana sijawahi kuona X imepigwa kwenye mlango wa ofisi iliyoshuhudia mauziano.

Alafu kuna hili la LUKU ambalo kila nikilifikiria nacheka mwenyewe. Toka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, ilianza elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda elfu moja mia tano. Baba mdogo analipa. Nyumba yenye X inalipa kodi ya nyumba! Najua mwanasheria atanyoosha kidole, kulipa kodi hakuhalalishi jengo, na ni kweli, hakuhalalishi. Lakini sasa tusiambiane kwamba serikali haikujua kuna nyumba pale. Mita ya umeme inajua, mita ya maji inajua. Wanaokosa taarifa ni wale tu wenye kazi ya kuzuia.

Hebu tuingie kwenye TAM, tathmini ya athari kwa mazingira. Huu ndo moyo wa sheria ya 2004, mradi mkubwa hauanzi mpaka utathminiwe, NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, wapitie, cheti kitoke. (Mtaani ukitaja NEMC watu wanawaza baa na spika, ila kazi yao kubwa ni hii.) Kiwanda kinafanyiwa, kituo cha mafuta kinafanyiwa, hoteli inafanyiwa. Nyumba ya kawaida ya mtu mmoja haihitaji, na ni sawa, utamdai mstaafu ripoti ya mtaalamu elekezi kwa vyumba vitatu? Sasa weka nyumba elfu tatu za hivyo kwenye bonde moja, kila moja na shimo lake la choo, kila moja imesakafia uwanja wake maji yasizame. Huo ni mradi mkubwa kuliko kiwanda chochote pale jirani na haujatathminiwa na mtu yeyote kwa sababu hauna mwenyewe. Sheria inaona tofali moja moja, mji haiuoni. Kiukweli ndani ya sheria hiyo hiyo kuna tathmini ya mazingira ya kimkakati, ya kupima sera na mipango kabla haijatekelezwa, ndo dawa ya hili hasa, ila inahitaji kwanza huo mpango uwepo na uwe mbele ya ujenzi, siyo nyuma yake.

Na tathmini zenyewe zikifanyika, nani anazisoma? Ripoti ni Kiingereza, mnene kama msahafu. Kanuni zinataka muhtasari wa lugha nyepesi kwa Kiswahili, na toka 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama zetu, lakini nenda kwenye mkutano wa wadau wa mradi wowote uone, mtaalamu anaonyesha slaidi, wananchi wanasaini karatasi ya mahudhurio, soda inagawiwa, na ile karatasi ya mahudhurio inaingia kwenye kiambatisho kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Nimewahi kuhudhuria mmoja. Nilisaini. Soda nilikunywa pia.

Sasa Jangwani, maana huwezi kuongea haya ukaikwepa. Bonde la Msimbazi lilishawekwa kama eneo la hatari toka enzi za mpango wa 1979. Desemba 2011 mafuriko yakaua watu zaidi ya 40 mjini hapa, waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande, kule porini kipindi hicho, wengine wakauza wakarudi mjini kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ya Mabwepande kwenda Kariakoo inakula riziki yote. Desemba 2015 yakaja makatapila, bomoabomoa, X kila kona, watu wakalala nje na watoto, kesi zikaenda mahakamani. Ujumbe ulikuwa mmoja, hili ni bonde, hapa hakai mtu. Miezi mitano baadaye, Mei 2016, mwendokasi ikaanza kazi, na depo yake iko wapi? Jangwani! Bondeni. Imejengwa kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia na wataalamu wa kila aina. Maji yakaingia, yakarudi tena, 2018 mabasi mengi yakaharibika, leo mradi wa bonde la Msimbazi una kazi ya kuihamisha hiyo depo.

Hapo mwananchi wa Mkwajuni, huko huko bondeni, amejifunza nini kuhusu sheria? Kwamba bonde ni hatari ukijenga wewe.

Huo mradi wa Msimbazi, mkopo wa dola milioni 200 uliopitishwa na Benki ya Dunia 2022, ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kupanua mto, na bustani kubwa ya mji. Lakini kilichonivutia ni fidia. Watu wa bondeni, wale wale ambao 2015 waliitwa wavamizi wasiostahili hata senti, safari hii wamehesabiwa, nyumba zao zimethaminiwa, wamelipwa, wakabomoa wenyewe taratibu wakachukua na mabati yao. Malalamiko yapo, wengine wanasema hela ni ndogo haipati kiwanja popote, na ni kweli. Ila mto ni ule ule, watu ni wale wale, mita 60 ni zile zile. Kilichobadilika ni mwenye hela, maana masharti ya benki yanataka anayehamishwa alipwe jengo lake hata kama ardhi hana hati nayo. Yaani haki ya mtu wa Kigogo imekuja kwenye masharti ya mkopo, kwenye sheria yetu wenyewe haikuonekana. Hili linaniuma kuliko hata X ya baba mdogo.

Siyo kwamba hatujawahi kuwa na sheria inayowahi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka na kuzichoma kwenye makazi yao. Jiji likawa linaomba muda, linaongezewa, linaomba tena, mpaka Jaji Lugakingira akasema basi, akaenda kwenye ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, kwamba kumvutisha mtu moshi wa taka ni kuyaweka maisha yake hatarini. Ile hukumu wanafunzi wa sheria bado wanaisoma. Sasa sikia kilichofuata. Taka zikatoka Tabata zikaenda Kunduchi Mtongani, watu karibu 800 wa kule nao wakaenda mahakamani 1991, wakashinda. Zikatoka Kunduchi zikaenda Vingunguti. Vingunguti iko wapi? Kando ya Msimbazi. Kila mwenye sauti alipozifukuza zilitafuta sehemu ya watu wasio na sauti, mwisho zikatua mtoni. Mahakama ilifanya kazi yake, ila mahakama inajibu aliyeuliza tu, haipangi mji.

Tukivuka mpaka, Kenya wana mfano mmoja ambao naupenda na mwingine wa kusikitisha. Wa kupenda ni Lamu. Kulikuwa na mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, siyo mbali na mji mkongwe ambao uko kwenye urithi wa dunia toka 2001. Wavuvi na wakazi wakaenda kwenye baraza linalosikiliza kesi za mazingira, Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, yaani kile kimkutano cha soda kilikataliwa kuitwa ushirikishwaji. Na angalia muda, ilifutwa mtambo ukiwa bado kwenye karatasi. Hakuna aliyebomolewa, hakuna aliyelipwa fidia, hakuna katapila. Wao Katiba yao ya 2010 imeandika wazi haki ya mazingira safi, ibara ya 42, sisi tunaipitishia kwenye haki ya kuishi na kwenye kifungu cha 4 cha sheria ya 2004.

Wa kusikitisha ni Nairobi. Agosti 2018 waliangusha majengo makubwa ya biashara kwa kuwa kwenye hifadhi ya mto, Ukay Centre kule Westlands, South End Mall barabara ya Lang'ata, majengo ambayo watu walikuwa wananunua maziwa na mikate humo ndani kwa miaka. Tukapiga makofi huku, safi, hata matajiri wanabomolewa. Lakini mjengo kama ule haujengwi usiku kwa siri. 2024 mafuriko yakaja Mathare na Mukuru, serikali ikaagiza walio ndani ya mita 30 toka mtoni watoke, na makatapila yakaingia watu wakiwa bado wanaanika magodoro. Nchi tofauti, mita tofauti, saa ya kufika ile ile.

Mkiniuliza mimi, nisingegusa sheria hata moja kwanza. Ningenunua bikoni. Zege nyeupe zenye namba, zisimikwe pande zote mbili za Msimbazi, Mbezi, Tegeta, Mzinga, kila mita hamsini, mtoto anayekwenda shule azione, dalali azione, mnunuzi azione kabla hajatoa hela. Zipimwe na mtaalamu kulingana na maji yanapofika kwenye mto husika. Halafu TANESCO na DAWASA wakatazwe kuvusha nguzo wala bomba zaidi ya bikoni, na karatasi ya mauziano iandikwe umbali toka bikoni, aliyegonga muhuri asaini jina lake kamili. Bei ya bikoni moja na bei ya kukodi katapila siku moja, nyie pigeni hesabu.

Baba mdogo bado yupo kwenye nyumba yake, X imefifia, aliipaka chokaa ikatokeza tena kwa chini. Wiki mbili zilizopita nilienda kumsalimia nikakuta mafundi wanachimba msingi upande wa mtoni, yaani kati ya nyumba yake na korongo. Nikamuuliza fundi, bosi wako anajua hapa pana X? Akasema anajua, lakini serikali ya mtaa wameshamgongea muhuri na nguzo ya umeme ameshailipia. Kisha akaniomba nimshikie upande wa pili wa futikamba, anataka apime upana wa sebule.